Petroli Yenye Ethanoli Katika Injini za Boti: Twahara, Bei na Dhamana

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Tumeletewa swali na vijana wa Kiislamu wa Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje mkoani Songwe. Itumba ni mji wa milimani, si wa ufukweni, lakini siku ya pili ya Idd vijana hawa waliteremka Kyela mpaka Matema, wakakodi boti ya matembezi pamoja na nahodha wake. Mafuta yalikuwa kidogo, wakanunua lita kumi za dumu kwa muuzaji aliyekuwa pale pwani ya ziwa. Walipofika mbali kidogo injini ikakohoa, ikazima, isiwake tena. Upepo ukawa unawasukuma katikati ya Ziwa Nyasa, na lau si wavuvi waliowafungia kamba na kuwavuta, Allah ndiye ajuaye mwisho wao. Fundi alipofungua tangi alisema petroli ile imetoka upande wa Malawi, ina spiriti ndani yake, na tena imeingia maji.

Wakarudi na maswali matatu. Mmoja wao alimwagikiwa na petroli ile kwenye kanzu yake ya Idd, akaswali nayo Alasiri: je, airudie? Wengine wanauliza kama inajuzu kabisa kununua na kutumia mafuta yenye spiriti, ambayo ndiyo roho ya ulevi. Na mwenye boti anawadai gharama ya injini.

Mafakihi husema kulihukumu jambo ni tawi la kulielewa. Basi tuanze na kitu chenyewe.

Ethanoli ni ile spiriti inayopatikana kwa kuchachusha sukari kisha kuikeneka. Neno alikoholi lenyewe limetoka katika Kiarabu, al-kuhl, yaani wanja, na Wazungu wakalihamishia kwenye spiriti baadaye. Wenzetu wa Malawi wamekuwa wakiichanganya katika petroli tangu mwaka 1982, kilipoanza kiwanda cha Dwangwa, Nkhotakota, kandokando ya ziwa hilihili. Malighafi yake ni molasi, uchafu mtamu unaobaki baada ya miwa kutolewa sukari. Nchi ile haina bahari, kila lita ya petroli huijia kwa safari ndefu na kwa fedha za kigeni, kwa hiyo wakaona molasi iliyokuwa ikisumbua kuitupa iwe sehemu ya mafuta. Mchanganyiko hufika hata sehemu 20 katika 100, na mara nyingi huwa chini ya hapo kutegemea akiba iliyopo. Brazili ilianza mpango mkubwa wa namna hii mwaka 1975. Kenya nayo iliujaribu katika miaka ya 1980 kwa ethanoli ya Muhoroni, kisha ikauacha. Kwetu Tanzania mtu akienda kituoni huwa anakusudia petroli isiyo na ethanoli, na hilo lishikwe, kwani tutalirudia.

Kwenye gari linalotembea kila siku mchanganyiko wa sehemu 10 hauna tatizo kubwa. Kwenye boti mambo ni mengine, na sababu yake ni maji. Petroli halisi haipatani na maji. Yakiingia hukaa chini peke yake, na fundi huyaona na kuyamwaga. Ethanoli inapenda maji na huyavuta. Petroli yenye sehemu 10 za ethanoli huyameza maji kiasi cha nusu lita katika kila lita 100, bila mtu kuona kitu. Yakizidi hapo, ethanoli huiacha petroli, hushikana na maji, na vyote viwili huzama chini ya tangi. Katika dumu la lita kumi kiasi hicho ni kama robo ya kikombe cha chai. Nani aliyewahi kusafiri Kyela wakati wa masika asiyejua kwamba robo kikombe cha mvua huingia kwenye dumu lililofunikwa kwa karatasi ya nailoni?

Sasa mpira wa mafuta hunyonya kutoka chini ya tangi. Injini iliyokuwa ikila petroli ghafla inapewa maji yenye spiriti, nayo huzima. Kwa zile injini ndogo ambazo oili huchanganywa ndani ya petroli, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu oili hubaki juu na petroli. Kinachonyonywa kutoka chini hakina kilainisho, pistoni hukauka, na injini hunoki kama wanavyosema mafundi. Tena ethanoli huyeyusha utando wa zamani katika tangi na kuupeleka kwenye chujio na kabureta, na hulainisha mipira ya zamani ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake.

Boti ya mvuvi humaliza mafuta yake usiku uleule. Boti ya matembezi hukaa wiki na miezi ikingoja wageni, tangi nusu tupu, tundu la hewa wazi, baridi ya usiku ikitoneshea maji ndani. Ndiyo maana Marekani, iliporuhusu mwaka 2010 na 2011 mchanganyiko wa sehemu 15 kwa magari mapya, ilikataza mchanganyiko huo kwa injini za boti, na watengenezaji wengi wa injini hizo huweka mpaka wao katika sehemu 10.

Tuingie katika hukumu. Jamhuri ya wanazuoni wa madhehebu manne wamesema khamri ni najisi kwa dhati yake, na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii kila chenye kulevya kwa umajimaji wake kina hukumu hiyo. Kwa kauli hii, tone la ethanoli likiingia katika petroli basi petroli yote imenajisika, na kimiminika kama hicho hakisafishiki. Lakini Rabia, mwalimu wa Imamu Malik, na Layth bin Saad, na Muzani aliyekuwa mwanafunzi wa Imamu Shafii mwenyewe, walisema khamri ni haramu kuinywa lakini si najisi ya mwili. Hoja yao mojawapo ni kwamba ilipoharamishwa ilimwagwa katika njia za Madina ambamo watu walikuwa wakipita. Aya ya 90 ya Suratul Maida, wakasema, imeitaja pamoja na kamari na masanamu, navyo havinajisi kwa kuguswa.

Kisha kuna jambo ambalo wa kale hawakulikuta. Ethanoli ya mafuta hutiwa dawa ili isinyweke, nayo ikichanganyika na petroli huwa sumu. Haiitwi kinywaji na mlevi yeyote. Wanaofuata kauli ya Imamu Abu Hanifa wana njia nyingine pia, kwani kwake khamri halisi ni ya zabibu, na hii imetokana na miwa. Mkutano wa wanazuoni na matabibu uliofanyika Kuwait mwaka 1995 ulifikia kwamba alikoholi si najisi kisharia. Sisi tunaona kauli hii ndiyo yenye nguvu katika ethanoli ya viwandani, hasa ikiwa jambo limewaenea watu kiasi cha kushindwa kujiepusha nalo. Kwa hiyo kijana wa kanzu harudii swala yake. Anayetaka kutoka katika khilafu, petroli ikiwa imekauka bila kuacha rangi wala harufu, apitishie maji mara moja mahali pale, inatosha hata kwa kauli kali ya madhehebu.

Pamoja na hivyo, hatutaki kumwacha imamu anayeshika kauli ya jamhuri bila jibu, maana wako wengi, nao wana haki. Jibu lake liko katika hadithi ambayo wengi wetu tumeisoma bila kuona kwamba ndani yake mna vyombo vya majini. Jabir (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.), mwaka wa kufunguliwa Makka, alitangaza uharamu wa kuuza khamri, mzoga, nguruwe na masanamu. Wakamuuliza kuhusu mafuta ya mzoga, kwa kuwa hupakwa majahazi, hulainishwa ngozi na huwashiwa taa. Akajibu kwamba hapana, ni haramu. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Nini kilicho haramu? Wengi wamesema ni kuyatumia. Imamu Nawawi katika sherehe yake ya Sahihi Muslim ameeleza kwamba sahihi kwa Shafii na wafuasi wake ni kuwa kilichokatazwa ni kuuza, ama kupaka chombo na kuwasha taa inajuzu, muradi isiwe kula wala kujipaka mwilini. Injini ya boti inachoma mafuta kama taa inavyochoma. Basi hata kwa anayeiona petroli hii kuwa najisi, kuiendeshea boti kunajuzu katika madhehebu. Kinachomwia kigumu ni bei, kwa sababu kuuza kilichonajisika kwake ni batili. Atakayeshika kauli hiyo ajue kwamba anajifungia kituo cha mafuta cha Karonga, na hana budi kuwa na uhakika wa anachokifunga. (Jenereta ya msikiti, kwa rai hiyohiyo, ikae nje, waliokataza taa ya mafuta najisi ndani ya msikiti walitaja hivyo karne nyingi kabla ya jenereta.)

Hapa ndipo penye uzito, na swali la vijana halikupagusa. Mwenye kuuza Karonga anauza kitu ambacho sheria ya nchi yake na mazoea ya watu wake yamekifanya kijulikane. Kanuni ya mafakihi ni kwamba kilichozoeleka ni kama kilichosharitiwa, kwa hiyo hana ghushi yoyote hata asipotamka neno ethanoli. Dumu lilelile likivuka Mto Songwe, desturi inabadilika. Mnunuzi wa upande huu anaposema nipe petroli anakusudia petroli tupu. Muuzaji anayejua na kunyamaza ameghushi, ingawa mafuta ni yaleyale, bei ni ileile, na hakuongeza tone lolote kwa mkono wake.

Ama maji, udhuru wake ulikwisha kujibiwa zamani. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vikapata unyevu. Mwenye chakula akajitetea kwamba ni mvua iliyokinyeshea. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, na akajitenga na mwenye kughushi. Mtu yule hakutia maji. Mvua ndiyo iliyotia, naye alificha tu. Muuzaji wa madumu ana hali mbaya zaidi, kwa sababu nafaka mbichi humpotezea mnunuzi fedha, na petroli yenye maji humwacha na roho za watu katikati ya ziwa wakati mwera unavuma.

Wala kujua si kazi ngumu. Chukua chupa ndefu nyeupe, tia maji kidogo, weka alama kwa kalamu pale yalipofika. Jaza petroli mara tisa ya maji yale, funga, tikisa, acha itulie. Mpaka wa maji ukibaki palepale kwenye alama, petroli haina ethanoli. Ukipanda juu ya alama, ethanoli imeshuka kuungana na maji. Maimamu wa Kyela na Ileje wanaweza kuwaonyesha manahodha jambo hili baada ya Ijumaa, nje, mbali na moto. Na boti inayongoja msimu wa wageni imwagwe tangi lake, au ijazwe petroli tupu hadi juu, na iwekewe chujio la kutenga maji. Makasia na majaketi ya kuokolea hayana mbadala.

Limebaki dai la mwenye boti. Mkodishaji wa chombo mkono wake ni mkono wa amana: halipi kilichoharibika ila akivuka mpaka au akizembea. Vijana walinunua mafuta mahali ambapo wenye boti hununua, hawakukatazwa, na kwa maelezo yao nahodha wa mwenye boti ndiye aliyewaonyesha muuzaji na ndiye aliyemimina. Lau mwenye boti angewaambia wasitumie mafuta ya madumu wakakaidi, au lau waliona maji wakanyamaza, tungesema mengine. Ama muuzaji, ikithibiti kwamba alijua, wanunuzi wana hiari ya aibu, na kwa kuwa mafuta yameshatumika wanastahiki kurudishiwa tofauti ya thamani. Kuhusu gharama ya injini, mafakihi wana maneno marefu juu ya mwenye kusababisha asiyetenda kwa mkono wake, nalo ni la kadhi baada ya kusikiliza pande zote.

Kwa hiyo kwa tuliyoelezwa, vijana wa Itumba hawadaiwi. Mwenye boti asiporidhika, waende wote mbele ya kadhi au wazee wa msikiti, na waende pamoja na yule muuzaji wa dumu, ambaye mpaka tunaandika haya hakuna aliyemuuliza chochote.

Wallahu a'lam.