Marekani: Mwandaaji wa tamasha anapobebeshwa kosa la mchezaji

Msikilizaji, tarehe 30 Mei mwaka 2003, katika mji wa Billings, jimbo la Montana nchini Marekani, kulikuwa kumepangwa tamasha dogo la muziki la kuchangisha fedha. Walioliandaa walikuwa watu wanaotaka sheria za bangi zilegezwe. Siku hiyo hiyo afisa wa idara ya serikali kuu ya kupambana na dawa za kulevya, DEA, alifika kwa wenye ukumbi akiwa na nakala ya sheria mkononi. Aliwaeleza kwamba endapo mtu yeyote angevuta bangi ndani ya jengo lao, wao wenyewe wangeweza kutozwa faini ya dola 250,000. Wenye ukumbi wakaingiwa na hofu, na tamasha likafutwa. Hakuna msokoto uliowashwa wala mtu aliyefikishwa mahakamani. Sheria yenyewe ilikuwa na umri wa mwezi mmoja tu.

Ilikuwaje hata mwenye ukumbi awe wa kuwajibishwa kwa moshi wa mgeni wake?

Mzizi wa jambo hili ni mwaka 1986, wakati miji mikubwa ya Marekani ilipokuwa ikihangaishwa na kreki, ile kokeni ya kuvutwa kwa kiko. Bunge lilipitisha kifungu kilichokuja kujulikana kama sheria ya nyumba za kreki. Shabaha yake ilikuwa majumba machakavu ambayo wenyewe waliyafungua makusudi ili dawa ziuzwe na zitumiwe humo. Kwa mtu wa namna hiyo, ni wachache waliokuwa na sababu ya kumtetea.

Miaka 15 baadaye kifungu hicho hicho kilihamishiwa kwenye dansi. Mjini New Orleans palikuwa na jumba la maonyesho lililoitwa State Palace, ambako vijana walikesha wakicheza muziki wa mashine hadi alfajiri. Mwaka 1998 msichana wa miaka 17 alifariki dunia baada ya kutumia dawa katika dansi mojawapo. Mwaka 2001 waendesha mashtaka waliwafungulia kesi mameneja wa jumba pamoja na promota wa dansi, kwa kutumia sheria ya nyumba za kreki. Mashtaka dhidi ya watu hao yaliondolewa, lakini kampuni iliyoendesha jumba ilikiri kosa na kulipa faini ya dola 100,000.

Yaliyomo katika makubaliano ya kumaliza kesi hiyo yanastahili kutazamwa kwa makini. Kampuni ilikubali kupiga marufuku vijiti vinavyong'aa gizani, chuchu bandia za watoto wachanga ambazo wachezaji walizitafuna, na mafuta ya kuchua kifua. Haya tuyaache, ingawa ni vigumu kuona kijiti kinachong'aa kinamdhuru nani. Lakini ilikubali pia kuondoa vyumba vya baridi, yaani vile vyumba vyenye viyoyozi ambako mchezaji aliyezidiwa na joto hupumzika. Serikali ilivihesabu vyumba hivyo kuwa ishara kwamba wenye jumba walijua wateja wao wanameza nini.

Mwaka 2002 Seneta Joe Biden wa Delaware, huyo huyo aliyekuja kuwa Rais kuanzia mwaka 2021 hadi 2025, aliwasilisha mswada wa kuipanua sheria ya mwaka 1986. Dibaji ya mswada ilitaja vyumba vya baridi na chupa za maji zinazouzwa kwa bei ya kuruka miongoni mwa mambo yanayoonyesha kwamba mapromota wanachuma kutokana na vidonge vya ekstasi. Malalamiko yalikuwa mengi, hata baadhi ya maseneta waliokuwa wameuunga mkono wakaondoa majina yao, na mswada haukupita mwaka huo.

Mwaka uliofuata ulirudi ukiwa na jina jingine, na ile dibaji imeondolewa. Safari hii ulipachikwa ndani ya mswada mkubwa wa kuwalinda watoto dhidi ya watekaji nyara. Ni mbunge gani angethubutu kuupigia kura ya hapana mswada wa kuwaokoa watoto waliotekwa? Seneti iliupitisha kwa kura 98 bila ya hata moja ya kuupinga, na Rais George W. Bush akautia saini tarehe 30 Aprili mwaka 2003. Tangu hapo sheria inamgusa mtu anayefungua, anayekodi au anayetumia mahali popote, iwe kwa kudumu au kwa usiku mmoja, kwa nia ya dawa kutumiwa hapo. Adhabu ya jinai ni hadi kifungo cha miaka 20. Upo pia mkondo wa madai, ambao mwaka 2003 uliwekewa faini ya hadi dola 250,000 au mara mbili ya mapato ya shughuli, kutegemea ipi ni kubwa zaidi. Katika mkondo huo serikali haihitaji kuthibitisha kosa kwa kiwango kile kigumu cha kesi ya jinai.

Wanaoitetea sheria wana hoja yao, na si hoja ya kupuuzwa. Wapo mapromota waliofunga mabomba ya maji vyooni ili wauze chupa kwa bei waliyotaka. Wapo walinzi wa mlangoni waliopokea chao na kumpitisha muuza vidonge. Baada ya tukio la Billings, DEA yenyewe ilitoa mwongozo kwa maafisa wake kwamba mwenye mali asiyehusika na dawa hana la kuogopa, isipokuwa pale alipokusudia kwa kujua kuruhusu shughuli ambayo lengo lake hasa ni dawa.

Tatizo limo katika hilo neno kujua. Ili kuona uzito wake hatuna budi kuingia kidogo katika tiba. Ekstasi hupandisha joto la mwili na kuuvuruga uwezo wake wa kujipoza. Mtu akiimeza kisha akacheza saa nne mfululizo katika ukumbi uliosongamana, joto lake laweza kupanda hadi misuli ikaanza kuharibika na figo zikashindwa kufanya kazi. Na akinywa maji kupita kiasi kwa hofu ya joto, chumvi ya damuni hupungua na ubongo huvimba. Kwa hiyo kinachotakiwa ukumbini ni maji ya bure, mahali pa ubaridi, na mhudumu wa afya anayeweza kumtambua aliyepitiliza katika hali zote mbili. Kinachotakiwa zaidi ni kijana asiyeogopa kusema amemeza nini.

Sasa jiweke katika nafasi ya mwandaaji. Anamwendea wakili wake na kumwuliza: niweke chumba cha baridi? Niruhusu watu wa kupima vidonge waweke meza yao? Wakili aliyesoma kesi ya New Orleans atamwambia kwamba kila kimoja cha vitu hivyo chaweza kusomwa mahakamani kama kukiri kwamba ulijua. Salama yake, kwa jicho la sheria, ni kutojua na kuonekana hajui. Shirika la DanceSafe, lililoanzishwa California mwaka 1998 ili kuwapimia wachezaji vidonge na kuwapa ushauri, limekuwa likikutana na jibu hilo kwa waandaaji wengi: tungependa mje, ila wanasheria wetu wamekataa.

Mwishoni mwa Agosti mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia, msichana wa miaka 19, alianguka katika klabu moja mjini Washington akiwa ametumia ekstasi, akafariki dunia. Mama yake hakudai adhabu ziongezwe, jambo ambalo wengi wangelitarajia kwa mzazi aliyefiwa. Mwaka uliofuata alianzisha kampeni ya kulitaka Bunge liirekebishe sheria ya mwaka 2003, iandikwe wazi kwamba hatua za kuokoa maisha haziwezi kutumiwa kama ushahidi dhidi ya mwandaaji.

Uingereza nayo imeonja shubiri ya aina hiyo. Kifungu cha 8 cha sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1971 kinamtia hatiani msimamizi wa jengo ambaye, kwa kujua, anaacha dawa ziuzwe humo. Desemba mwaka 1999 viongozi wawili wa Wintercomfort, kituo cha mchana cha wasio na makazi mjini Cambridge, walifungwa miaka mitano na minne kwa sababu baadhi ya waliokuja kupata hifadhi waliuziana heroini. Wao wenyewe hawakuuza wala kununua. Miongoni mwa yaliyowaponza ni kukataa kuwapa polisi majina ya wale waliowafukuza kituoni, kwa kuwa waliahidi kutunza siri za watu wao. Mahakama ya rufaa iliwapunguzia vifungo mwaka 2000, lakini hatia ikabaki.

Hata hivyo katika kumbi za muziki Waingereza walichukua njia nyingine. Tangu mwaka 2010, kwa Uingereza na Wales, utoaji wa maji ya bomba bila malipo umekuwa sharti la leseni ya baa na klabu. Mwaka 2016 shirika la The Loop lilianza kupima dawa hadharani katika tamasha, polisi wakiwa na habari, na mapema mwaka 2024 kituo cha kwanza cha kudumu chenye leseni ya serikali kilifunguliwa mjini Bristol. Mambo hayakuwa shwari moja kwa moja, maana kiangazi cha mwaka 2023 shirika hilo lilizuiwa kupima katika tamasha la Parklife mjini Manchester kwa kukosa leseni ambayo hapo awali halikuwa likidaiwa.

Wasikilizaji wetu mlioko Minneapolis, Columbus au Seattle msiseme kwamba haya ni ya vijana wa disko peke yao. Kathinoni, kiini cha miraa mbichi, imo katika orodha ya kwanza ya dawa zilizopigwa marufuku Marekani tangu mwaka 1993. Sheria haibagui ukumbi wa dansi na ukumbi uliokodiwa kwa harusi, na haijali kama wazee waliokaa pembeni na mirungi yao wanaiona kuwa desturi ya nyumbani. Mwenye kukodi ukumbi ndiye jina lake liko kwenye mkataba.

Jinsi neno nia linavyoweza kuvutwa lilidhihirika mjini Philadelphia. Shirika la Safehouse lilitaka kufungua mahali ambapo watumiaji wa heroini wangejidunga mbele ya wauguzi, ili anayezidiwa aokolewe. Mwaka 2019 jaji wa serikali kuu alisema hiyo si nyumba ya kreki, kwa sababu nia ya shirika ni kuokoa maisha. Januari mwaka 2021 majaji wa rufaa, wawili dhidi ya mmoja, walimpinga. Walisema haitoshi kuitazama nia ya mwenye nyumba, kwani anayewafungulia mlango watu ambao yeye anajua wamekuja kutumia dawa anakivunja kifungu hicho, hata kama analenga mema.

Hukumu hiyo haikuhusu muziki, lakini mawakili wa matamasha nao wanaisoma. Ndani yake hawaoni mahali palipoandikwa kwamba hema la wauguzi na tangi la maji ya bure havitahesabiwa dhidi ya mteja wao. Sentensi hiyo ndiyo anayoililia yule mama wa Virginia.