Laini mbili mfukoni: Kwa nini M-Pesa ilitawala Kenya, Tanzania ikashindaniwa?

Mfanyabiashara wa Namanga huwa na laini mbili, pengine tatu. Akiuza mzigo upande wa Kenya, anataja namba na fedha zinaingia M-Pesa. Akivuka kuja Tanzania, mteja anamuuliza kwanza yuko mtandao gani. Jina la M-Pesa lipo pande zote mbili, lakini Kenya imetawala na Tanzania inagombania wateja na wenzake. Anayefikiria kuweka akiba kwenye hisa za kampuni za teknolojia ana la kujifunza hapo.

M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007. Majaribio ya mwaka 2005 yalilenga wakopaji wadogo warejeshe mikopo kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kutumiana fedha, na Safaricom ikawafuata huko. Wakati huo tayari ilikuwa na wateja wengi kuliko mshindani wake. Kila aliyejiunga alimvuta nduguye wa kijijini, na duka lililoona wateja likaomba uwakala. Kadiri mawakala walivyoongezeka, ndivyo kuhama kulivyozidi kuwa hasara. Ungehamia wapi, na wote unaowalipa wamebaki kule?

Uzio nao ulisaidia. Kwa miaka mingi wakala wa M-Pesa hakuruhusiwa kuhudumia mtandao mwingine, hadi mamlaka ya ushindani ya Kenya ilipoondoa zuio hilo mwaka 2014. Kutumiana fedha moja kwa moja kati ya mitandao kulikuja mwaka 2018, miaka 11 baada ya uzinduzi, wakati mazoea yameshakomaa.

Tanzania, Vodacom ilileta M-Pesa mwaka 2008. Ilikuta wateja wa simu wamegawanyika kati ya kampuni kadhaa, na washindani wakaanzisha huduma zao. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane fedha, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Uzio ulivunjwa mapema, na mteja akabaki na uhuru wa kuchagua.

Ethiopia inathibitisha hoja hiyo. Telebirr ya Ethio Telecom ilianza Mei 2021. Safaricom ilipozindua M-Pesa huko Agosti 2023, teknolojia yake ilikuwa na uzoefu wa miaka 16, lakini safari hii yeye ndiye aliyekuta wateja wameshikwa na mwingine.

Kwa hiyo mwekezaji asiulize tu kama programu ni nzuri. Aulize: mteja akihama leo, anaacha nini nyuma? Nani anaweza kuufungua uzio, mshindani au mdhibiti? Na bei ya hisa imeshabeba matumaini kiasi gani?

Swali la mwisho limewaumiza wengi. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza asilimia 25 ya Safaricom kwa shilingi 5 za Kenya kwa hisa. Watu walipanga foleni, wengine kwa fedha za mkopo. Haikuchukua muda bei ikashuka chini ya 5. Aliyekopa akauza kwa hasara, mwenye subira akaiona ikipita 40 mwaka 2021. Lakini aliyenunua kwa bei hiyo ya juu aliikuta chini ya 20 mwaka 2023, ingawa M-Pesa ilikuwa bado inatawala. Kampuni inaweza kushika soko na mwenye hisa akapoteza, kama alinunua ghali au kwa fedha za haraka.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani kuna hesabu nyingine. Gawio la mwenye hisa hutoka kwenye makato unayolipa kila unapotuma na kutoa. Pale ambapo mteja hana pa kwenda, mwenye huduma ndiye hupanga makato. Unaponunua hisa, nunua kwa fedha usiyoihitaji kwa mtaji wa msimu huu. Na dukani, usiitupe laini ya pili: ndiyo inayomkumbusha mwenye mtandao mkubwa kwamba bado unaweza kuondoka.