Tumbo Lisilotulia: Namna ya Kutafuta Jibu Kuhusu Gluteni

Maelezo haya yameandaliwa kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili na kuishi Uingereza. Yanawahusu watu ambao tumbo limewasumbua kwa miezi au miaka, wanaoshuku kwamba mkate, chapati au maandazi ndiyo chanzo, na ambao wamekwisha kumwona daktari wakarudi nyumbani bila jibu. Mambo mawili yazingatiwe tangu mwanzo. La kwanza, mtu anayeshuku gluteni asiache kula ngano kabla ya kupimwa. La pili, kuambiwa mara moja kwamba hakuna tatizo si mwisho wa njia.

Gluteni ni nini?

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, nafaka ya nchi za baridi inayotengenezewa mikate myeusi. Gluteni ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike unapokandwa. Watu wengi huila maisha yao yote bila madhara. Wanaodhurika na vyakula vya ngano wako katika makundi matatu, na ni muhimu kuyatofautisha kwa sababu vipimo na matibabu yake si sawa.

Kundi la kwanza ni la wenye ugonjwa wa siliaki. Huu si mzio. Ni hali ambayo kinga ya mwili, badala ya kuulinda utumbo, huushambulia kila gluteni inapoingia. Ukuta wa utumbo mdogo umejaa vijidole vidogo mno, mithili ya nyuzi za zulia, ambavyo kazi yake ni kufyonza virutubisho. Kwa mwenye siliaki vijidole hivyo husinyaa, na chakula hupita bila mwili kufaidika nacho. Inakadiriwa kuwa nchini Uingereza mtu 1 kati ya 100 ana ugonjwa huu, na wengi wao hawajui.

Kundi la pili ni la wenye mzio wa ngano. Kwao dalili huja upesi, ndani ya dakika au saa chache: kuwashwa, kuvimba midomo, kutapika au kupumua kwa shida. Anayeshindwa kupumua vizuri baada ya kula apigiwe simu ya dharura 999 mara moja.

Kundi la tatu ni la watu wasio na siliaki wala mzio, lakini ambao huumwa kweli wanapokula ngano. Baadhi yao hawasumbuliwi na gluteni yenyewe, bali na aina ya wanga iitwayo fruktani, iliyomo katika ngano, vitunguu maji na vitunguu saumu. Hakuna kipimo cha damu cha kulitambua kundi hili. Hutambuliwa baada ya makundi mawili ya kwanza kuondolewa.

Kwa nini ugonjwa huu hupitwa?

Siliaki ina sura nyingi. Kuharisha, kufunga choo, gesi na maumivu ya tumbo hufanana na IBS, hali ambayo utumbo husumbuka bila uharibifu unaoonekana. Uchovu huhesabiwa kuwa ni wa kazi za usiku au wa malezi. Mwanamke mwenye upungufu wa damu huenda akapewa vidonge vya madini ya chuma mwaka baada ya mwaka, ikidhaniwa kuwa sababu ni hedhi au uzazi, bila mtu kuuliza kwa nini chuma hicho hakifyonzwi. Juu ya hayo, muda wa kuonana na daktari wa familia, yaani GP, kwa kawaida ni kama dakika 10, na asiyezoea Kiingereza hutumia nusu ya muda huo kutafuta maneno.

Ipo pia dhana kwamba siliaki ni maradhi ya Wazungu pekee. Dhana hiyo si sahihi. Ugonjwa huu unajulikana Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati na Asia Kusini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Kisaharawi, watu wa Sahara Magharibi, uliukuta kwa zaidi ya watoto 5 katika kila 100, kiwango kikubwa kuliko cha Ulaya. Rangi ya mgonjwa au nchi aliyotoka si sababu ya kumnyima kipimo.

Nani anastahili kupimwa?

Mwongozo wa kitaifa wa taasisi ya NICE, uliotolewa mwaka 2015, unawataka madaktari wapendekeze kipimo cha siliaki kwa mtu mwenye mojawapo ya hali hizi:

– matatizo ya tumbo au ya choo yanayoendelea bila sababu kujulikana;
– uchovu wa muda mrefu;
– kupungua uzito bila kukusudia;
– vidonda vya mdomoni vikali au visivyokwisha;
– upungufu wa madini ya chuma, vitamini B12 au asidi ya foliki usioelezeka;
– kisukari cha aina ya 1, au ugonjwa wa tezi ya shingo unaotokana na kinga ya mwili;
– kwa mtu mzima, kuambiwa kwamba ana IBS;
– kwa mtoto, kutokua inavyotarajiwa;
– kuwa na mzazi, mtoto au ndugu wa damu mwenye siliaki.

Kwa hiyo aliyeambiwa kwamba ana IBS bila kupimwa siliaki haombi upendeleo anapoomba kipimo. Anaomba kile ambacho mwongozo wenyewe unakitaja.

Kipimo kinafanywaje?

Hatua ya kwanza ni kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili ziitwazo tTG. Pamoja nacho hupimwa kiasi cha jumla cha kingamwili za aina ya IgA, kwa kuwa wapo watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, na kwao jibu linaweza kuonekana safi ilhali ugonjwa upo.

Kipimo hiki huonyesha kweli ikiwa tu mgonjwa anakula gluteni. Inampasa aile katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa muda usiopungua wiki 6 kabla ya kutoa damu. Kwa mfano chapati asubuhi na vipande vya mkate jioni. Anayefunga Ramadhani anaweza kuigawa kati ya futari na daku. Aliyekwisha kuacha ngano amweleze daktari jambo hilo waziwazi, ili washauriane namna ya kuirudia. Akiwa hawezi kuistahimili, aombe kupelekwa kwa mtaalamu wa tumbo.

Jibu likionyesha uwezekano wa siliaki, mgonjwa hupelekwa kwa mtaalamu. Mara nyingi mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo mdogo, na vipande vidogo vya nyama ya utumbo huchukuliwa kuchunguzwa. Baadhi ya watoto, na watu wazima wachache, huthibitishwa kwa damu pekee, lakini uamuzi huo ni wa mtaalamu. Hadi uchunguzi wote ukamilike, gluteni iendelee kuliwa.

Vipimo vinavyouzwa mtandaoni vya kupima nywele, au kingamwili za IgG dhidi ya orodha ndefu ya vyakula, havitambui siliaki. Ni fedha iliyopotea.

Kujiandaa kumwona daktari

Uhusiano wa ngano na siliaki ulibainishwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliyeandika matokeo yake mwaka 1950 baada ya kufuatilia kwa miaka mingi kile walichokula watoto wagonjwa na jinsi walivyoendelea. Mgonjwa naye anaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo. Kwa wiki mbili aandike kila siku alichokula, dalili zilizotokea, saa zilipotokea na hali ya choo. Aongeze uzito wake, vidonge anavyotumia, na maradhi ya tezi, kisukari au tumbo yaliyomo katika ukoo. Karatasi moja yenye tarehe husikilizwa kuliko maelezo marefu.

Anapopanga miadi, mgonjwa anaweza kuomba muda mrefu zaidi na mkalimani wa Kiswahili. Mkalimani hutolewa bila malipo. Si vyema mtoto atafsiri maneno ya mzazi wake kwa daktari: mtoto huona haya, mzazi huficha mambo, na ugonjwa hubaki palepale.

Ombi liwe fupi na mahususi. Kwa mfano: "Nimeharisha kwa miezi 8 na damu yangu imepungua. Ninaomba kipimo cha siliaki. Bado ninakula ngano kila siku."

Katika nyumba nyingi mtu hulelewa asimhoji daktari, na kumuuliza huonekana kuwa utovu wa adabu. Katika huduma za afya za Uingereza swali la mgonjwa ni sehemu ya matibabu. Daktari akiona kipimo hakihitajiki, mgonjwa anaweza kumuuliza kwa upole: "Ni sababu gani nyingine inayoeleza dalili hizi? Nirudi lini zisipokwisha? Tafadhali andika katika kumbukumbu zangu kwamba niliomba kipimo hiki na sababu ya kutokifanya." Maswali haya hayamvunjii mtu heshima.

Ikiwa bado hakuna jibu

Asiyeridhika arudi. Nchini England, tangu Septemba 2025, madaktari wa familia wanahimizwa kufuata utaratibu uitwao Kanuni ya Jess: mgonjwa akija mara tatu kwa dalili zilezile au zinazozidi, daktari aufikirie upya ugonjwa huo. Mgonjwa anaweza pia kuomba kuonana na daktari mwingine wa kliniki hiyohiyo. Kupata maoni ya daktari wa pili si haki ya kisheria, lakini ombi hilo ni nadra kukataliwa.

Kila mgonjwa ana haki ya kuona kumbukumbu zake. Aangalie ikiwa kipimo cha siliaki kilifanywa kweli, kwa maana "damu yako ni nzuri" huenda ikamaanisha vipimo vingine kabisa.

Malalamiko hupelekwa kwa meneja wa kliniki, kwa kawaida ndani ya miezi 12. Kulalamika hakupaswi kuathiri matibabu. Mtu anaweza pia kujiandikisha kliniki nyingine, na kwa hilo hahitaji kuonyesha pasipoti wala kibali cha kuishi. Huduma ya daktari wa familia haina malipo kwa yeyote. Huduma za hospitali, kikiwemo kipimo cha kamera, huenda zikatozwa kwa baadhi ya watu kulingana na hali yao ya ukaazi. Wakimbizi na waombaji hifadhi nchini England hawatozwi. Ni vyema kuuliza kabla ya miadi.

Dalili zisizosubiri

Si kila tumbo linalouma ni gluteni. Damu katika choo, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, kushindwa kumeza, uvimbe tumboni, au mabadiliko ya choo yanayozidi wiki 3 yanahitaji kuonwa na daktari bila kuchelewa. Mwanamke ambaye tumbo linajaa karibu kila siku, hasa aliyefikia miaka 50, aulizie uchunguzi wa ovari. Dalili hizi zisifichwe kwa kuacha mkate.

Baada ya jibu

Siliaki ikithibitishwa, tiba ni kuacha gluteni kabisa na kwa maisha yote, kwa msaada wa mtaalamu wa lishe. Jiko la Kiswahili lina mengi ya kutegemea: ugali wa mahindi au mtama, uji wa ulezi, wali, muhogo, ndizi, viazi, maharage, samaki na nyama. Vitumbua na mkate wa kumimina vinafaa vikiwa vya mchele mtupu. Chapati, maandazi, sambusa, kaimati, tambi na boko boko za ngano haviliwi, na chakula cha mgonjwa kisikaangwe katika mafuta yaliyokaangia maandazi. Oti, ambayo baadhi ya watu huiita shayiri, inunuliwe tu yenye lebo ya kutokuwa na gluteni, na mtaalamu aulizwe kwanza. Wakristo wanaopokea hostia wanaweza kumweleza kasisi, kwa kuwa zipo zenye gluteni kidogo sana.

Mzazi, watoto na ndugu wa damu wa mgonjwa nao waambiwe, kwa sababu takriban mtu 1 kati ya 10 miongoni mwao huwa na siliaki. Nao pia wapimwe kabla ya kubadili chakula.

Kipimo kikiwa safi, hiyo ni habari njema, ila dalili zinazoendelea bado zinahitaji maelezo. Mgonjwa arudi na karatasi yake na kuuliza hatua inayofuata.

Kwa ushauri usio wa dharura nchini England, piga simu 111 saa yoyote. Simu hiyo ni bure. Taja neno "Swahili" ili upatiwe mkalimani.