Udongo wa Mbuga na Afya ya Kaya Mwamanyili

Katika kata ya Mwamanyili, mkoani Simiyu, si mbali na Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, anayeshuka kutoka kwenye vilima vya matale hadi bondeni hukanyaga udongo wa aina kadhaa kwa mwendo mfupi. Wasukuma wameupa kila mmoja jina lake: luseni, mchanga wa mteremkoni, itogolo, mchanga mwembamba uliolalia tabaka gumu, na mbuga, mfinyanzi mweusi wa bondeni. Mnamo 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliuita mfuatano wa aina hii kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na istilahi hiyo ingali ikitumika duniani. Wakulima, bila shaka, waliufahamu mnyororo huo kabla yake.

Chembe za mbuga ni ndogo mno na zimepangika mithili ya kurasa. Maji ya mvua hupenya baina ya kurasa hizo na kuzitanua, udongo ukavimba. Kiangazi hutoka, udongo ukasinyaa na kupasuka nyufa zinazoweza kwenda chini zaidi ya nusu mita. Nyumba iliyosimikwa juu ya ardhi hiyo hupandishwa na kushushwa kila mwaka, tena si kwa usawa, ndipo kuta zinapopasuka mshazari kuanzia pembe za madirisha. Hasara hiyo si ya fedha pekee, kwani nyufa za kuta na za sakafu ya udongo ni maficho ya papasi, waenezao homa ya papasi. Anayelazimika kujenga mbugani aondoe udongo mweusi chini ya msingi, ajaze moramu na kuishindilia, afunge msingi kwa zege lenye nondo, kisha ayaelekeze maji ya paa mbali na kuta.

Lakini hatari kubwa zaidi imo chooni. Masika, mbuga iliyovimba hainyonyi maji. Karo hujaa, shimo la kunyonyea maji taka hufurika, na choo cha shimo kisichojengewa kuta huweza kuporomoka. Kinyesi huja juu, mahali watoto wanapocheza, na kwa njia hiyo huenea magonjwa ya kuhara, homa ya matumbo na, ugonjwa ukiingia, kipindupindu. Kiangazi mambo hugeuka: nyufa huwa mifereji. Maji machafu hupita humo upesi, bila kuchujwa na udongo, na yanaweza kufika kwenye kisima kifupi. Kwa hiyo umbali wa mita 30 baina ya choo na kisima, unaotajwa mara kwa mara, usichukuliwe kuwa kinga kamili mahali penye nyufa. Kisima kiwe upande wa juu wa mteremko, na mdomo wake ujengewe.

Tabia hiyo ya sura mbili huwahadaa hata mafundi. Fundi huchimba shimo mwezi wa Agosti, akamimina ndoo ya maji, akaona yametoweka mara moja, akaridhika. Maji hayo yamepotelea katika nyufa zitakazojifunga mvua zikianza. Kipimo cha kuaminika ni kulijaza shimo na kuliweka limejaa hadi kesho yake ili udongo uvimbe, kisha kujaza tena na kupima maji yanavyoshuka. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, shimo la kunyonyea halifai hapo. Afadhali choo cha kuinuliwa juu ya ardhi, chenye chumba kilichojengwa kwa matofali na kupigwa plasta, kinachoweza kufunguliwa na kutolewa uchafu. Au, ikiwa kaya ina kipande cha luseni, choo kipelekwe huko.

Hata hivyo luseni nayo ina kasoro zake. Mchanga hupitisha maji upesi, na kisima kilicho chini yake hudhurika. Tena viluwiluwi vya minyoo ya safura hustawi katika udongo wa kichanga wenye unyevu na kivuli, wakapenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Udongo wa migombani nyuma ya choo huwafaa sana. Mayai ya minyoo ya mviringo, kwa upande wake, hudumu vizuri katika mfinyanzi.

Bustani hutaka hesabu nyingine. Kule kutonyonya maji kunakoharibu choo ndiko kunakoifanya mbuga ifae majaruba ya mpunga. Mboga za majani mbugani zipandwe juu ya matuta yaliyoinuliwa na kuchanganywa samadi iliyooza, mizizi isikose hewa; katika luseni samadi hiyohiyo husaidia kushika maji. Maji yanayochuruzika kutoka karoni hustawisha mchicha kweli, na hapo ndipo kishawishi kilipo. Yasielekezwe kamwe kwenye nyanya, karoti wala mboga yoyote inayoliwa mbichi. Mgomba au mti wa kivuli ulio mbali na kisima unaweza kuyapokea.