Saa za Kusoma kwa Wageni: Mafunzo au Mateso?

Kijana atokaye Butare, wilayani Rusizi (si ule mji wa Huye ulioitwa Butare zamani), aingiapo shule ya bweni huweza kukutana na kile Wanyarwanda wakiitacho kunnyuzura, yaani wakubwa kumtesa mgeni, ati azoee. Matusi na vipigo havina ubishi. Lakini je, mgeni akilazimishwa kukaa na vitabu saa mbili kila usiku?

Wamarekani, ambao vyuo vyao vina vyama vya udugu vya wanafunzi, wamebishana sana juu ya hilo. Vyuo vingi huko hushikilia kwamba sharti liwapatalo wanachama wapya peke yao, hata la kusoma, laweza kuhesabiwa mateso.

Askari aliyepitia chuo cha makadeti atacheka, maana sote tulisoma kwa amri. Naam, lakini amri ile ilikuwa na ofisa mwenye dhamana, ratiba iliyoandikwa, na mahali pa kupeleka malalamiko. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hana cheo juu ya mgeni. Akimnyima usingizi kwa kisingizio cha kitabu, kitabu kimekuwa kiboko.

Hatari ya mamlaka yasiyo na msimamizi ilionekana Ubelgiji. Desemba 2018, Sanda Dia, mwanafunzi wa Leuven mwenye umri wa miaka 20, alifariki baada ya kunyweshwa mchuzi wa samaki uliojaa chumvi na kukalishwa katika shimo la maji baridi. Mwaka 2023 mahakama ya Antwerp iliwahukumu wanachama 18 kazi za jamii na faini ya euro 400 kila mmoja.

Polisi aitwaye bwenini usiku na aulize kwanza: wakubwa nao wamekaa kusoma?