Distempa, Ugonjwa Unaofanana na Kichaa cha Mbwa

Distempa ya mbwa husababishwa na virusi vya jamii moja na virusi vya surua ya binadamu na vya sotoka, maradhi yaliyoteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki kabla ya kutangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Virusi hivyo, ambavyo Mfaransa Henri Carré alivitambua mwaka 1905, husambaa zaidi kwa matone ya kikohozi na chafya, kwa hiyo katika mitaa ya Kibaha na vijiji vya Kisarawe, ambako mbwa wa ulinzi mara nyingi huachiwa kuzurura, mnyama mmoja mgonjwa huweza kuwaambukiza wengine bila kuwauma.

Ubaya wake mkubwa ni kwamba virusi huanza kwa kushambulia chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili, hivyo mbwa hubaki bila kinga na kuingiliwa na bakteria au vimelea vya kupe ambavyo pengine angevistahimili. Jambo hilo lilidhihirika Serengeti mwaka 1994, pale distempa, ikiambatana na vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe, ilipoua takriban theluthi moja ya simba, wapatao 1,000. Watafiti waliwashuku mbwa wa vijiji jirani kuwa chanzo. Kwa Kisarawe, wilaya isiyo mbali na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere yenye mbwa mwitu wengi, tukio hilo linastahili kuzingatiwa kwa uzito.

Mfugaji huona kwanza homa, unyonge na kukosa hamu ya kula, kisha macho na pua kutoa uchafu mzito wa rangi ya njano, kikohozi, kutapika na kuharisha. Baadhi ya mbwa hukakamaa ngozi ya pua na ya nyayo. Wiki kadhaa baadaye, hata kwa mbwa aliyeonekana kupata nafuu, virusi huweza kufika kwenye ubongo, na hapo hutokea kutafuna hewa huku povu likitoka, misuli kurukaruka bila kukoma hata usingizini, kuzungukazunguka, kifafa au kupooza.

Ni katika hatua hii distempa hudhaniwa kuwa kichaa cha mbwa. Historia ya kikohozi na macho machafu huelekeza kwenye distempa, lakini macho ya mtu hayatoshi kutenganisha magonjwa hayo mawili, na kwa kuwa kichaa huua binadamu ilhali distempa haimdhuru, usalama unadai mnyama wa namna hiyo atengwe, daktari wa mifugo aarifiwe, na yeyote aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kwenda kituo cha afya bila kuchelewa.

Dawa ya kuua virusi vya distempa haipo. Matibabu humsaidia mbwa kwa maji, lishe na dawa za kuzuia bakteria. Kinga ni chanjo, inayoanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16, kwa sababu kinga aliyorithi kwa mama huweza kuifuta dozi ya mapema. Kibaha hutengenezwa chanjo za mifugo kama ya kideri cha kuku, lakini ya distempa huagizwa kutoka nje na hulazimu kutunzwa kwenye ubaridi, na mbwa aliyechanjwa kichaa pekee katika kampeni za halmashauri bado hana kinga yoyote dhidi yake.