Uso linalo, pumzi halina: Waridi la mama yangu katika kiwanja kidogo

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa miaka mingi methali hii nilikuwa nikiisema tu, kama wengi wetu tunavyosema methali, bila kuinama popote. Nilikuja kuifahamu sawasawa nilipopanda mwaridi wangu wa kwanza hapa Nairobi. Ni mwaridi mfupi, mnene wa matawi, usiofika hata kiunoni mwa mtu mzima, na maua yake madogo hutoka kwa vichala, yenye ule wekundu mwepesi ambao Waswahili waliuita kwa jina la ua lenyewe, yaani rangi ya waridi.

Kiwanja chetu kiko nyuma ya nyumba, mtaa wa South C. Urefu wake ni futi 15 na upana futi 12, na humo humo mna tangi la maji, kamba ya nguo na matuta mawili ya sukuma wiki ya mke wangu. Msomaji ataona kwamba hapakuwa na nafasi ya anasa. Hata hivyo mimi ni mtu wa Mombasa, na nyumba isiyo na ua lolote naiona kama mwanamke aliyetoka bila leso.

Waridi katika maisha ya watu wa pwani si ua la kutazamwa tu. Ni ua la kunuswa. Harusini wageni hunyunyiziwa marashi kwa mrashi, kile chombo chenye shingo ndefu na kichwa chenye matundu. Katika Maulidi marashi hayakosekani, na hata maiti akishaoshwa hutiwa manukato ya aina yake. Halwaridi, yale mafuta mazito ya waridi, huwekwa kabatini kama dhahabu. Sehemu kubwa ya manukato haya tangu zamani yamekuja kwa bahari, kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kule Oman, katika mlima wa Jabal Akhdar, mawaridi huchumwa msimu mmoja tu kwa mwaka, mnamo Machi hadi Mei, kisha hupikwa katika vyungu juu ya tanuri za udongo, na mvuke wake ukipoa ndiyo marashi. Mjini Mombasa penyewe joto la pwani huyachosha mawaridi, kwa hiyo ua la nyumbani lilikuwa asumini, na waridi likabaki kuwa harufu ndani ya chupa.

Mama yangu amekulia katika harufu hiyo. Kumbe hapo ndipo matata yangu yalipoanzia.

UDONGO MWEUSI

Mwaridi wa kwanza niliununua mwaka 2017 kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara. Nikachimba shimo, nikaupanda, nikaumwagia maji asubuhi na jioni kwa mapenzi makubwa. Katika muda wa miezi miwili ukafa. Nilipoung'oa niliona mizizi imeoza.

Jirani yetu, mzee aliyefanya kazi ya bustani maisha yake yote, akacheka. Akanieleza kwamba South C, kama sehemu nyingi za kusini na mashariki ya Nairobi, iko juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huu mvua ikinyesha hushika maji kama beseni, na jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingia mkono. Mwaridi hupenda kunywa, lakini hautaki kusimama ndani ya maji.

Basi safari ya pili nilifuata maneno yake. Nilichimba shimo la futi mbili kwenda chini, nikatandika kokoto, nikajaza udongo mwekundu ulioletwa kwa mkokoteni pamoja na samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza vizuri, maana samadi mbichi huunguza mizizi. Kitako nikakiinua juu ya ardhi kwa safu mbili za mawe ili maji yapate kutoka. Mahali penyewe nilipachagua panapopata jua tangu asubuhi hadi alasiri, kwani mwaridi wahitaji jua la saa sita kwa siku. Maji nikawa nawapa mizizi, si majani, na asubuhi badala ya jioni. Majani yanayolala na maji hushikwa na madoa meusi, yakageuka manjano na kupukutika. Vidukari walipotokea kwenye vichipukizi, tuliwaosha kwa maji ya sabuni.

Mwaridi wa pili ulishika. Kufikia mwaka 2018 ulikuwa umejaa maua, tena bila kupumzika, kwa sababu hapa kwetu karibu na Ikweta hakuna baridi kali ya kuulaza usingizi.

MAMA AFIKA

Mwaka 2019 nilimleta mama Nairobi. Presha ya macho ilikuwa imekwisha kumla uoni wake, ikambakishia mwanga na vivuli tu. Daktari alisema kilichopotea hakitarudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa.

Asubuhi ya kwanza nilimshika mkono nikampeleka nyuma, nikiwa na fahari kama bwana harusi. Nikamwinamishia kichala cha maua. Mama akavuta pumzi. Akanyamaza. Akavuta tena.

"Hili ua, mwanangu," akasema, "uso linalo, lakini pumzi halina."

Nilijaribu kucheka. Mama akaongeza, "Uzuri wa mkakasi huo, ukipata maji basi," kisha akaomba arudishwe ndani.

Yule mzee jirani alikuja na kitabu chake cha picha, akaulinganisha mwaridi wangu jani kwa jani. Akasema wafanana sana na mwaridi uitwao The Fairy, uliotolewa huko Uingereza mwaka 1932 na bibi mmoja kwa jina Ann Bentall. Sifa yake ni wingi wa maua na uvumilivu, wala si harufu. Na hauko peke yake. Wazalishaji wengi wa mawaridi katika karne iliyopita walitazama zaidi rangi, umbo na uimara, na harufu ikaachwa njiani. Hata mawaridi yanayolimwa Naivasha na kupelekwa Ulaya kwa ndege, mengi yao ukiyanusa utanusa majani tu.

Nikakata shauri kuung'oa, nitafute wenye kunukia. Mke wangu aliunga mkono, maana alikwisha kuipigia hesabu nafasi ile kwa tuta la tatu la sukuma wiki. Ajabu ni kwamba aliyekataa ni mama.

"Mtoto akizaliwa bubu hutupwa?" akauliza. "Niwekee kigoda pale."

Ndipo ule ufupi wa mwaridi ulipoonyesha faida yake. Mama aliweza kuketi kwenye kigoda na kuufikia wote, toka ubavuni hata kileleni. Binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, alimfundisha nyanya yake kutambua kwa vidole: ua bichi ni baridi na laini, lililokwisha ni jepesi kama karatasi. Yaliyokwisha aliyavunja, kwani ua lililokauka lisipoondolewa hula nguvu ya mti bure. Miiba ilimchoma siku za kwanza, baadaye akaijua ilipo. Mama ambaye tangu afike alikuwa akiketi sebuleni akiuliza saa ngapi, sasa alikuwa na kazi yake kila asubuhi.

MKASI

Wiki ya pili ya Machi 2020, mvua za masika zikikaribia, yule mzee aliniambia wakati umefika wa kuupogoa. Mwaridi usiolazwa na baridi hulazwa na mkasi. Alinionyesha namna yake: ondoa kwanza matawi makavu na yanayosuguana, fungua katikati ili hewa ipite, kisha yaliyobaki yafupishe kwa thuluthi moja, ukikata juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Nami, kwa pupa ya mwanafunzi, nikakata zaidi ya nusu.

Mama aliusikia mkasi tokea ndani. Alipofika, alinyoosha mkono mahali alipozoea kukuta maua, akakuta hewa. Akashuka na vidole mpaka kwenye visiki.

"Umemuua," akasema. Sikupata jibu. Nilimweleza mambo ya mvua na macho ya mti, lakini hakunijibu neno. Jioni alimwambia mke wangu kwamba anataka kurudi Mombasa kwa dada yangu, kwani hapa hana la kufanya. Tukamkatia tiketi ya treni ya Aprili.

Msomaji anakumbuka mambo ya mwezi ule. Tarehe 13 Machi Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini. Kukawa na kafyu usiku, misikiti na makanisa yakafungwa, na tarehe 6 Aprili ikatangazwa kwamba hakuna kuingia wala kutoka Nairobi. Tiketi ya mama ikawa karatasi. Sisi sote tukawa wafungwa wa nyumba moja, na mimi mkosaji nikiwa miongoni mwao.

Nilikwenda kuviangalia vile visiki kila siku. Sikuona kitu. Asubuhi moja, katika juma lile lile la kufungwa mji, nilimkuta mama kwenye kigoda chake. Hakuna aliyempeleka, alishika ukuta mpaka akafika. Alikuwa akipitisha kidole gumba juu ya kisiki kimoja, polepole, kama mtu anayehesabu tasbihi.

"Njoo," akasema. "Hapa pana kitu."

Nikainama. Nikainama zaidi, mpaka uso wangu ukakaribia udongo. Palikuwa na chipukizi jekundu, dogo kuliko punje ya mchele. Mimi mwenye macho mawili sikuwa nimeliona.

"Yangu yafunga," akasema mama, "yake yafunguka." Akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya mkasi.

IDI YA NYUMBANI

Katikati ya Mei mwaridi ulitoa maua mengi kuliko mwaka wowote. Idi ya mwezi huo tuliisali nyumbani, bila wageni. Usiku wa kuamkia Idi mama aliomba aletewe mawaridi, rehani aliyoipanda mwenyewe ndani ya kopo, na asumini za jirani zinazoning'inia juu ya ukuta wetu. Akaketi kitako na binti yangu, akamfundisha kufunga vikuba: rehani kwa nje, asumini katikati, na waridi moja mbele. Juu yake akanyunyiza marashi.

Kikuba cha kwanza alimbandika mke wangu kifuani. Nikamuuliza kwa nini ameweka ua lisilonukia.

"Rehani ina pumzi, uso haina," akajibu. "Wakikaa pamoja, nani atajua ni nani aliyepungukiwa?"

Mji ulipofunguliwa mwezi wa Julai hakuitaja tena ile tiketi. Mwaridi ungali pale, na mke wangu amepanda sukuma wiki zake ndani ya magunia kando ya tangi. Kila mvua zikikaribia, mama huketi kwenye kigoda, hupapasa tawi mpaka akalipata jicho linalotazama nje, kisha huweka kucha yake juu kidogo ya jicho hilo.

"Hapa," huniambia. Nami hukata hapo hapo, wala sizidishi.